Masikio ya Sufuria la Mama Mkwe

Nianze na ukweli, asije mtu akadhani hii ni risala ya msibani. Mama mkwe wangu nilimchukia. Sikumchukia kwa hasira ile ya siku mbili ambayo watu huimaliza kwa kupeana mikono nje ya kanisa. Nilimchukia nikipuliza moto, nikimenya ndizi, nikikata majani ya ng'ombe, na wakati wa kuwaombea wazazi katika sala za jioni nilikuwa nikimruka. Alizaliwa wapi na ukoo wake ulitokea wapi, hayo wanayo watoto wake. Wakitaka watayaandika wao. Mimi ninamfahamu kuanzia kwenye kizingiti cha jiko lake kwenda ndani, na sidhani kama yupo aliyemfahamu vizuri zaidi yangu.

Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye miguu myembamba iliyopanda na kushuka miteremko ya Kibosho bila kuhema, hata alipokuwa na mkungu wa ndizi kichwani. Hakupiga kelele hata siku moja. Angepiga kelele ningejua namna ya kumjibu, maana mimi nimekulia Tarakea, kwetu Rombo, mpakani na Kenya, nyuma ya meza ya mama yangu sokoni, na kelele ninaziweza. Yeye alisema kwa sauti ya chini huku mikono yake inafanya kitu kingine, na neno lake lilikufikia ukiwa umeshageuka kuondoka. Ukimwambia "Shikamoo mama," aliitikia "Marahaba" akiwa anaangalia mikono yako, aone umeshika nini na umekishikaje.

Watu wa mbali hudhani Wachagga wote tunasikilizana. Kichagga chetu cha Rombo na chao cha Kibosho ni majirani wasiosalimiana. Basi mimi na yeye tuliishi kwa Kiswahili, lugha ambayo yeye aliiokota kanisani na sokoni na mimi niliipata shuleni na mpakani. Alipotaka kunisema mbele ya macho yangu, alirudi kwenye lugha yake, akasema na majirani huku ananionyesha kwa kidevu. Hakujua kwamba baada ya Kwaresima mbili nilikuwa ninaelewa kila neno. Sikumwambia. Nilikaa pale ninachambua maharage na kuyameza matusi yangu mazima mazima.

Kama unajiuliza kwa nini nilikaa naye, jibu ni kwamba niliolewa na kitinda mimba. Huku mlimani kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya mama, na kwa hiyo anayeolewa na kitinda mimba anaolewa na mama pia. Wake wa kaka zake walikwenda Dar es Salaam na waume zao, wakawa wanamwona mama mkwe Krismasi hadi Krismasi, wamemletea vitenge na sukari, naye anawachekea. Mimi nilikuwa naye kutwa. Mume wangu aliendesha lori, makao yake yakiwa Arusha, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Nikimweleza, alikuwa akiniambia, "Vumilia, ni mama," kisha analala. Wanaume wa nyumba ile walimwogopa mama yao, wakaiita hofu yao heshima.

Sasa niseme juu ya sufuria, maana baada ya baba mkwe kufariki ndilo lililobaki kuwa mume wa yule mama.

Lilikuwa sufuria kubwa la alumini nene, la kupikia watu wengi, lenye masikio mawili ya kulibebea. Alilipata miaka ile ya maduka matupu, wakati ukitaka sufuria unatafuta kibali, na ukipata kibali unatafuta mtu wa kujuana naye. Nilipoingia pale kama bibi harusi, kitako kilikuwa kimeshabadilishwa, mfuniko haukuwa wake, sikio la kushoto lilikuwa la chuma cheusi kilichopindwa kwa nyundo, na la kulia lilikuwa la alumini nyembamba, limetolewa kwenye sufuria la jirani aliyefariki. Kishikio cha mfuniko kilikuwa kipande cha mti wa kahawa kilichopigiliwa msumari. Kikiungua alichonga kingine. Kitu cha asili kilichobaki ni ubavu tu. Nilimwambia mume wangu kwamba lile halikuwa sufuria, ulikuwa mkutano wa masufuria. Alicheka, kisha akaangalia mlangoni kama mama yake amesikia.

Kulipeleka kwa fundi ilikuwa safari yenyewe. Hakumwamini mtu. Alilisugua kwa majivu mpaka likang'aa, maana alisema hawezi kumpelekea mgeni aibu ya jiko lake, halafu akalifunga kwenye kanga na kulibeba mgongoni kama mtoto mpaka soko la Mbuyuni, mjini Moshi. Mimi nilimfuata nyuma mikono mitupu, watu wananitazama mkwe gani huyu anayemwacha mzee abebe. Nilimwomba mara nyingi anipe nimsaidie. Alinijibu, "Utalidondosha," basi.

Fundi wa masufuria pale Mbuyuni alikuwa jitu la watu, mwenye kifua cha watu wawili, lakini alipomwona mama mkwe anakuja alianza kupanga vyombo vyake upya. Nakumbuka siku kitako kilipobadilishwa tena.

"Umekunja ukingo mara moja," mama mkwe alimwambia.

"Mama, mara moja inatosha. Nikishagonga kinakaza."

"Kunja mara mbili."

"Mama yangu, kazi hii nimeianza zamani sana."

"Nimekuuliza umeanza lini? Kunja mara mbili."

Fundi akakunja mara mbili. Alipomaliza, mama mkwe aliomba maji, akalijaza sufuria, akaliweka juu ya kipande cha gazeti kikavu, akasimama. Hakukaa kwenye kigoda alichopewa. Wateja wengine wamepanga foleni na mabirika yao, jua linachoma, mimi nina mimba na miguu imevimba, na yeye anasubiri aone kama gazeti litalowa. Halikulowa. Hapo ndipo aliposema asante. Halafu akakusanya kitako kilichotolewa, na vipande vya ukingo, na ribiti zote za zamani, vile vijisumari vya kubania, akavifunga kwenye pindo la kanga. Fundi alimwambia kwamba vile vya zamani kwa kawaida hubaki kwake. Mama mkwe akakaza fundo.

Nyumbani, kitako kile kilikuwa mfuniko wa mtungi wa maji, baadaye kikaziba tundu la banda la kuku, na nilipokiona mara ya mwisho kilikuwa kimekatwa kuwa kisahani cha kumwekea paka maziwa. "Kitu hakifi," alikuwa akisema. "Kinahama. Watu ndio wanaokufa." Majirani waliupenda sana msemo huo. Mimi niliyekaa naye niliuona kwa upande wa pili: hapakuwa na kitu katika nyumba ile ambacho hakuweza kukihamisha atakavyo, na mimi nikiwemo.

Alikuwa na namna yake ya kunisema bila kunisema. Alipopita kwenye hori la ng'ombe aliyainua maganda ya ndizi nilizomenya, akayageuza, akasema, "Ng'ombe wetu siku hizi wanakula vizuri," maana yake nimemenya kwa pupa na nyama ya ndizi imebaki kwenye ganda. Kwenye jumuiya, tukiwa tumekaa na rozari, aliwaambia wanawake wenzake kwamba Warombo ni watu wa biashara, wanajua kuuza ndizi, kupika wawaachie wenyewe. Wakacheka. Nikacheka nao, nikiwa na hamu ya kumrushia kiti.

Wakati huo enzi ya ruksa ilikuwa imeshafika, biashara zimefunguliwa, maduka yamejaa. Kule kwetu Tarakea masufuria ya Kenya yalipangwa barabarani, mapya, mepesi, unachagua. Soko la Kwa Sadala vilevile. Wanawake wa Kibosho walitupa vyombo vyao vya viraka, hata mapadri walinunua vipya. Mama mkwe aliwaangalia tu. "Hayo ni masufuria ya kuchemshia chai ya mgeni asiyelala," alisema. Najua sababu zake, nisionekane mjinga. Najua alipanga foleni kwa ajili ya sabuni, najua alilea watoto kwa sufuria moja. Nilijua hayo yote na hayakunipunguzia kitu.

Maana mimi pia nilikuwa na sufuria. Siku ya kuniaga, mama yangu alinikabidhi sufuria jipya la alumini nzito, alilolichagua yeye mwenyewe upande wa pili wa mpaka, lenye masikio mapana yaliyopigiliwa ribiti nene. Aliniambia mbele ya shangazi zangu, "Mwanamke asiye na sufuria lake anapika kwa ruhusa." Nikaja nalo Kibosho. Mama mkwe alilipokea kwa mikono miwili, akawashukuru watu wangu kwa maneno mazuri, na wageni walipoondoka alipanda dari ya jiko, kule kunakovundikwa ndizi, akalilaza kifudifudi nyuma ya kuni.

"Mama, mbona linapanda juu?"

"Litashuka siku yako."

"Siku yangu ni ipi?"

"Nitakuambia."

Hicho ndicho nilichokitaka katika nyumba ile, na sikutaka kingine: mafiga yangu matatu, sufuria langu, na yeye aseme kwa mdomo wake kwamba sasa napika. Mtu anaweza kuona ni jambo dogo. Lakini katika nyumba zetu anayepika ndiye anayeamua mtoto ale nini, mgeni apate kipande gani, na nani asubiri. Mimi nilikuwa ninasubiri. Nilipika kwenye mkutano wake wa masufuria, nikishika sikio la chuma kwa kitambaa na la alumini kwa wasiwasi, yeye amekaa kwenye kigoda nyuma yangu, na chakula kikiiva anapakua yeye.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hunikatiza nalo ninapomsema, maana wote wanalijua. Nilipojifungua, alinilea. Huku mlimani mzazi halazwi njaa, analishwa miezi mizima, lakini ulezi wa yule mama ulikuwa wa kupitiliza. Alichinja. Alinipikia mtori wa ndizi na nyama, laini, usio na hata bonge moja, akaniletea mlaso, ile damu iliyochanganywa na maziwa na mafuta, akasimama mpaka nimalize. Aliniosha. Alinifunga tumbo kwa kanga kwa mikono iliyojua inachofanya. Hakuniacha niguse kuni wala maji, na aliyekuja kuniomba nimshikie kitu alimfukuza. Nilinenepa mpaka mama yangu alipokuja hakunitambua mara moja.

Siku moja, mwili umepona na moyo umelainika, nilimshika mkono nikamwambia, "Asante mama. Sitasahau."

Akautoa mkono wake taratibu. "Sikulishi wewe," alisema. "Ninalisha maziwa ya mtoto."

Basi wanaosema alikuwa na roho nzuri, nawaachia roho yake nzuri. Mimi nilimwona akinipa kila kitu isipokuwa kile kimoja nilichomwomba.

Mtoto, Elia wangu, alikua, akaja wa pili, kahawa ikashuka bei mpaka watu wakaanza kuing'oa na kupanda nyanya, na sufuria langu liko dari. Mwaka mmoja, Desemba imeingia, yule mama alikuwa anaepua kiburu, ndizi na maharage ya watu wengi, sikio la kulia likang'oka. Sufuria likainama, kiburu cha moto kikamwagikia karibu na mguu wake. Hakupiga yowe. Alisema tu, "Limechoka," akakizoa chakula kilichokuwa safi, na siku ya soko iliyofuata alikwenda Mbuyuni peke yake, asubuhi, mimi nikiwa zahanati na mtoto.

Jioni nilikuta sufuria lake limekaa kwenye mafiga, lina masikio mawili mapya yanayong'aa. Nililishika. Niliyapima kwa viganja. Nikamsifia, Mungu wangu, nikamsifia!

"Mama, safari hii umepata masikio mazuri."

"Ndiyo," alisema. "Yana nguvu."

Siku chache baadaye alinituma dari nishushe ndizi zilizoiva, maana tulikuwa tunaandaa mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya Krismasi. Nikasogeza kuni nilitazame sufuria langu, kama nilivyozoea kulitazama kila nilipopanda. Lilikuwa pale, kifudifudi. Pembeni, mahali pa masikio, palikuwa na matundu tu. Nililigeuza, nikatia kidole kwenye tundu moja, na kwa muda sikuelewa ninachokishika. Halafu nikaelewa. Nilishuka ngazi bila ndizi.

Alikuwa anachambua ulezi kwenye ungo.

"Mama, umekata masikio ya sufuria langu."

"Sijakata. Fundi ameyatoa, ribiti kwa ribiti. Hata matundu hayakuchanika."

"Lilikuwa langu."

"Lilikuwa limelala."

"Wewe ndiye uliyelilaza! Mimi na vyangu siyo spea za jiko lako, mama."

Akaacha ungo. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni muda mrefu hivyo, na alionekana ameshangaa, na hilo ndilo lililonimaliza. "Miaka yote unapika kwenye sufuria hili," alisema. "Leo limepata masikio yako. Si ungefurahi?"

Kuna watu niliowasimulia wakaniambia hapo mama alikuwa ananikaribisha kwa namna yake. Na wao wakakaribishwe hivyo! Mtu akikata mkono wako akaushonea mwilini mwake, utamshukuru kwa undugu? Nilifunga nguo za watoto, nikashuka mpaka barabara ya lami, na kesho yake nilikuwa Tarakea kwa mama yangu.

Asiyekaa kwetu hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Krismasi ndiyo siku ambayo mlima wote unarudi nyumbani. Magari yanatoka Dar es Salaam usiku na mchana, na nyumba isiyo na mke wa kitinda mimba jikoni ni nyumba ya kusemwa mpaka Pasaka. Kaka za mume wangu walifika na wake zao na watoto wao, wakamkuta mama mzee anapika peke yake, akishika masikio yangu. Walimuuliza niko wapi. Aliwaambia, "Kwao," akaendelea kukoroga. Hayo nilielezwa na mume wangu.

Mume wangu alikuja Januari, na baba yake mdogo, na jani la isale limefungwa fundo. Kwa mtu wa huku sihitaji kueleza, lakini kwa mgeni niseme: mtu aliyekukosea akikuletea jani hilo, umeshasamehe. Hukatai. Anayekataa isale, ubaya unamgeukia yeye na watoto wake, na hata wacha Mungu wa misa ya kila siku hawajaribu kulikataa.

"Amesema nini mama yako?" nilimuuliza mume wangu.

"Hajasema kitu. Alikwenda mpakani mwa shamba akalikata mwenyewe, akalifunga, akanipa."

"Hata neno?"

"Unamjua."

Mama yangu alilipokea jani. Kisha akamgeukia yule baba mdogo akamwambia, kwa adabu zote na sauti ya sokoni, "Shemeji, binti yangu anarudi. Lakini atapika kwenye moto wake." Baba mdogo akaitikia. Mimi nililipokea jani pamoja na mama yangu, kwa kuwa sikuwa na njia. Yule mama sikumpokea.

Niliporudi Kibosho nilikuta jikoni, upande wa pili wa ukuta, mafiga matatu mapya. Juu yake limekaa sufuria langu. Lilikuwa na masikio. Moja lilikuwa lile la chuma cheusi la sufuria lake, na jingine amelichongesha la chuma vilevile ili lifanane na mwenzake. Yale yangu hakuyarudisha. Aliyabakiza kwake, akanipa yake, na alipoingia akanikuta nimesimama naliangalia, alisema, "Nimelipima na maji. Halivuji."

Sijui kama alikuwa ananidhihaki, na nimeshaacha kujiuliza. Ninachojua ni kwamba chuma kile kilikuwa kimepindwa karibu na ubavu, moto unakipata haraka, na kwa miaka iliyofuata niliungua viganja kwa masikio yake wakati yeye anaepua kwa raha kwa masikio yangu. Tulipika tumepeana migongo katika jiko moja, mioto miwili, moshi mmoja. Watoto wangu walikula kwake na kwangu. Wageni wakija walisimama mlangoni wakamsalimia yeye kwanza, wakamuuliza yeye kuna nini cha kula, na yeye aliwajibu kana kwamba mgongoni kwake kuna ukuta mtupu. Moto nilikuwa nao, sufuria nilikuwa nalo, lakini mdomoni mwake bado nilikuwa ninapika kwa ruhusa.

Miguu ilimwishia kwanza. Ile miguu iliyokuwa haihemi ilianza kukataa ngazi, kisha mteremko, kisha kizingiti cha jiko. Tukamhamishia chumba cha mbele cha nyumba ya matofali, na mimi nikawa nampelekea chakula, namgeuza, namwosha. Nilimwosha vizuri. Sikutaka aseme Warombo hawajui kuosha mtu. Alikuwa mwepesi, mifupa inahesabika, na macho yake yalifuata mikono yangu vilevile kama zamani, aone nimeshikaje kitambaa.

Krismasi ya mwisho walikuja wote. Mke wa kaka mkubwa wa mume wangu, mama mwenye mwili na mikufu, aliteremsha kutoka kwenye gari magunia ya mchele na jiko la gesi, akaingia chumbani kwa mgonjwa tukiwa tumejaa: wana, wake, wajukuu, na mimi mlangoni na beseni la maji machafu. Alikaa kitandani, akamshika mkono.

"Mama, mwaka huu tupike nini? Mimi nilifikiria pilau, halafu ndizi kidogo kwa ajili ya wazee. Wewe unasemaje?"

"Usiniulize mimi," mama mkwe alisema. "Muulize mwenye jiko."

"Nani, mama?"

Akaninyoshea kidevu. Hakunitazama. "Huyo."

Yule wa Dar es Salaam alinigeukia na uso wa mtu aliyepewa chai bila sukari, akasema, "Haya, Mama Elia, tupike nini?" Nilimwambia machalari, ndizi zetu za kupikwa na nyama, na nyama itakatwa nitakaporudi. Kisha nikatoka na beseni langu, nikamwaga maji migombani, na pale migombani nikalia. Msinielewe vibaya. Nililia kwa hasira, nimeuma meno. Alikuwa nalo neno lile miaka yote! Alikuwa nalo nilipokuwa msichana ninayeogopa kuuliza chumvi iko wapi, na alilifungia mpaka miguu yake ilipokataa kumfikisha jikoni. Na hata siku hiyo hakunipa mimi, alimpiga nalo mwenzangu.

Walipokwenda kanisani nilirudi chumbani. Alikuwa amelala amefumba macho, lakini sikudanganyika.

"Mama, ulisema nini pale?"

"Pale wapi?"

"Mbele ya watu. Kuhusu jiko."

"Nilisema nina njaa."

"Hukusema hivyo, mama. Niambie mimi. Niko hapa, tuko peke yetu."

Akafumbua macho, akaangalia mikono yangu. Haikuwa na kitu.

"Basi nasema sasa," alisema. "Nina njaa."

Nilisimama nikamsubiri. Nilimsubiri kama yeye alivyozoea kuwasubiri mafundi, bila kukaa, na aligeuza uso ukutani. Nikaenda kumpakulia. Tulimzika kabla ya Kwaresima, pale pale kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, na waliosimama kumsema walisema mengi mazuri. Mimi walipoomba neno la mke wa kitinda mimba nilikataa, kwa kuwa neno moja tu nililitaka katika nyumba ile, na lilikuwa lake yeye kulisema.